Upepo wa Gari Isiyotembea

Bulaimu alichunga gari isiyotembea, na mutaa mzima wa karibu na gare, stesheni ya treni ya Kindu, ulimcheka kwa kazi hiyo. Ilikuwa Peugeot nyeupe ya Mgiriki mmoja mwenye duka. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka ikawapa wananchi, duka la Mgiriki lilimwangukia Ngoyi, aliyeitwa Sitwayeni kama kila mwananchi wa siku zile, pamoja na kiwanja chake, na gari, na mlinzi wa mlangoni, Bulaimu. Ngoyi aliuza vitambaa na chumvi mpaka rafu zikabaki na buibui, vingine hakununua. Siku moja gari ikagoma. Wakafungua sanduku la vitesi, yaani gia, wakalipakia treni liende kutengenezwa Lubumbashi. Ngoyi akalifuata. Hakurudi, na sanduku halikurudi.

Lakini aliacha neno. "Bulaimu, gari ikisimama juu ya mipira yake, wewe na watu wako mutalala hapa. Siku nitaikuta imelala juu ya tumbo, mutatafuta nyumba."

Mushahara ulikatika mapema, hata Bulaimu akaacha kuuulizia. Kilichobaki kilikuwa chumba cha nyuma ya duka, chenye bati zuri na kisima mlangoni. Ndani ya chumba hicho mkewe, Mwanahamisi, alimzaa mtoto wao Hawa. Kwa Mwanahamisi, gari ile ndiyo ilikuwa nyumba. Ikianguka, na wao wameanguka.

Kila alfajiri, akisha kusali, Bulaimu alipiga goti kando ya gari na manometa ya Mgiriki mkononi, kifaa kidogo cha kupima upepo, cha kutia mufukoni. Mwanahamisi alimtazama tu huku anawasha moto, mpaka homa ilipomlaza mumewe chini na ikabidi afanye yeye.

"Mama Hawa," Bulaimu alimwita kutoka kitandani, meno yanagongana. "Nenda sasa, mipira ikiwa ingali baridi. Jua likiipiga, upepo unavimba ndani, manometa inakudanganya. Utasema imezidi, utapunguza, na kesho utakuta mipira imelegea."

"Na nikikuta imepungua?"

"Pompi iko nyuma ya mulango. Mbele, kilo moja na nusu. Nyuma, karibu mbili. Usitie manometa upande, utasikia inalia fyuu. Hapo njo upepo wako unaenda. Itie wima."

Mwanahamisi akamfunga Hawa mgongoni akaenda. Mpira wa kwanza ulimlilia fyuu, wa pili ukatulia. Akasoma alama: moja na nusu. Akapaka mate kwenye tundu la upepo kama alivyomwona mumewe akifanya, akangoja kama yatatoa povu. Hayakutoa. Akarudisha kifuniko. Wa nyuma mmoja ulikuwa umepungua. Akapiga pompi kwa mguu, mtoto akirukaruka mgongoni na kucheka kama anayechezewa ngoma. Kisha akafanya lile jambo ambalo majirani walilicheka kuliko yote: akaweka bega, akaisukuma gari hatua moja mbele, akazuia kwa jiwe, ili mpira usikae juu ya upande mmoja ukaoza. Mwisho akafunika kila mpira kwa mkeka wa zamani, jua lisiupasue.

"We Mama Hawa!" jirani yake Mbombo, mke wa mtu wa reli, alimwita juu ya ukuta. "Munaipeleka wapi leo? Mukifika Punia munisalimie dada yangu!"

"Panda, tuende wote," Mwanahamisi alijibu, na wote wawili wakacheka.

Miaka ikapita hivyo. Hawa akaacha ziwa, tumbo lingine likaanza. Halafu habari ikatoka gare: Ngoyi ameshuka na treni, amekuja na Peugeot nyingine juu ya behewa, anataka kufanya biashara ya mchele huko Pangi. Watu wakasema atauza kila kitu cha kiwanja, hata gari mbovu kwa kilo ya chuma.

Usiku ule Mwanahamisi hakupata usingizi. Chuma cha kuuzwa hakihitaji mlinzi.

Ngoyi alikuja Jumamosi asubuhi, saa ambayo wanaume wote wako salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Bulaimu alikuwa amekwenda na jembe kusafisha mitaro. Peugeot ya pili ikaingia kiwanjani taratibu, mipira yake imekuwa laini kama mayai, nyuzi zimetoka. Ngoyi akashuka, abakosi, lile koti la wakubwa wa serikali, imemkaza tumbo. Dereva wake, Okito, akabaki kwenye usukani.

"Mama, mulinzi iko wapi?"

"Iko salongo, patroni. Lakini karibu. Kazi yake iko hapa."

Mwanahamisi aliitupa mikeka kando mwenyewe. Aliona lazima huyu mtu ajue kwamba hawakukaa bure. Ngoyi akapiga teke mpira wa kwanza. Ukamrudishia mguu.

"Mumejaza leo, kwa kunidanganya."

"Hapana, patroni. Pima." Akamletea manometa. "Itie wima. Iko baridi bado, haitadanganya."

Ngoyi akapima mmoja, akapima wa pili. Akapitisha ukucha kwenye mpira akitafuta mipasuko, hakuuona hata mmoja. Uso wake ukafunguka.

"Mama, hii mipira iko kama ya dukani! Mulinzi kama bwana yako hakuna, hata Kinshasa!"

Mwanahamisi aliinamisha kichwa kwa haya na furaha. Alikuwa hajasikia mtu yeyote amsifu Bulaimu. Alianza hata kufikiri kama aombe kitasa cha mlango.

"Okito!" Ngoyi akaita. "Leta kriki."

Mwanahamisi alielewa tu alipoona gari inanyanyuka. Okito alizifungua rodi, magurudumu na mipira yake, moja moja, akachukua matofali ya ukuta wa duka akayapanga chini ya gari. Bulaimu alipoingia na jembe begani, Peugeot nyeupe ilikuwa imekaa juu ya matofali, na mipira yake imekwisha kuvalishwa gari nyingine.

"Umefanya muzuri, Bulaimu," Ngoyi alisema. "Tungeenda Pangi na mipira ile ya zamani tungekufa. Nimeuza kiwanja, mwenyewe mupya anaingia Jumatatu. Tupimie upepo, nyuma tutabeba mizigo."

Mwanahamisi alimsogelea mumewe. "Baba Hawa, acha," alimnong'oneza. "Waende hivyo hivyo."

Bulaimu alikuwa amekwisha kupiga goti. "Upepo haukunitukana," alisema. Akapuliza vumbi, akapima, akaongeza nyuma, akapaka mate, akafunga vifuniko vinne kwa vidole, polepole. Aliposimama, Okito akanyoosha mkono dirishani.

"Na manometa, mzee. Ile njo ya gari."

Akampa.

Gari ikatoka. Bulaimu akamuuliza mkewe nani aliyemwonyesha Ngoyi mipira.

"Mimi," alisema. "Nilitaka akuone."

Bulaimu alikwenda kisimani, akanawa matope ya salongo miguuni, muda mrefu, hata baada ya matope kwisha.

Jumatatu walivuka mto kwa mtumbwi, na sufuria zao, mpaka Alunguli, kwa Hadidja, dada ya Bulaimu, aliyewapa jiko lake walale. Bulaimu alitafuta vibarua. Mara kwa mara mtu mukubwa mwenye kazi alisimama mlangoni, akamuuliza Mwanahamisi bwana yake anajua kufanya nini.

"Analima tu," Mwanahamisi alijibu. "Kingine hajui."

Na Bulaimu, akiwa ndani anasikia, hakumkanusha.