Hesabu Iliyopita kwa Kura

Nakiri mwenyewe, maana wanafunzi wangu wameshalisimulia jambo hili hadi Nzega. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilifundisha hesabu darasa la tano, na kusahihisha madaftari sikukupenda hata kidogo. Nikatangaza kwamba elimu ni kujitegemea: kila mtoto atajisahihisha mwenyewe na kuandika alipokosea, kisha jibu litapitishwa kwa kunyoosha mikono, kama kwenye mkutano wa kijiji.

Mkaguzi alipokuja nikamwonyesha fahari yangu. Shamba la kijiji lina urefu wa mita arobaini na upana wa ishirini. Eneo lake ni ngapi? Watoto wakakokotoa. Mimi nikapendekeza mia na ishirini, wakajisahihisha, na mikono yote ikapanda isipokuwa wa Kabula.

“Huyu anarudisha maendeleo nyuma,” nikamweleza mgeni.

Mkaguzi akachukua daftari la Kabula, akasoma kwa sauti: “Nimepata mia nane. Sijaona nilipokosea. Nadhani mwalimu amelizunguka shamba, hakuingia ndani.”

Akanipa chaki. “Mwalimu, jisahihishe na wewe.”

Nikajipa alama ya sifuri, nikaiandika ubaoni. Akaliuliza darasa kama jibu limepita. Mikono yote ikapanda. Kabula alinyoosha miwili.