Vizibo vya Boti ya Dada Agnesi

Enzi zetu sisi, kabla daraja halijatuzoesha kuvuka Mto Kilombero bila hata kuutazama, ng'ambo ilifikiwa kwa maji, na baba yangu alikuwa fundi wa boti za mbao. Nyumba yetu ya Ifakara ilinuka mninga kila kona. Ukilalamika kwamba kuna unga wa msumeno kwenye wali, mama anakwambia, "Kula, huo ni wa baba yako."

Kilichomtambulisha baba kwa watu ni vizibo. Skrubu za ubao wa ukingo, ule wa juu wanaoushika abiria, alizididimiza ndani, kisha kila tundu akalifunika kwa kizibo cha mduara kilichotoka kwenye mninga uleule. Vizibo vilikaushwa jikoni, darini kwenye moshi, jirani na samaki, maana kizibo kibichi hunywea baadaye kikalegea. Ndiyo maana boti za baba zilinukia kitoga, samaki wa mto wetu. Vilivyopasuka tulichezea drafti. Leo nikiwaona vijana wanabonyeza michezo ya simu mpaka shingo zimepinda, nawaonea huruma kidogo. Kete zao hazinuki chochote.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja: nyuzi za kizibo zilale njia moja na nyuzi za ubao. Kikikaa kinyume, ukishapaka vanishi kinatoa doa ambalo hata mlevi ataliona. "Mbao ina njia yake," baba alituambia, "usiikatize."

Dada Agnesi alipochumbiwa ng'ambo, upande wa Ulanga, baba akaapa kwamba bibi harusi atavuka kwa boti mpya. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na sisi tuliligundua hilo kwenye vizibo: kimoja kimekaa sawa, viwili vimekaa mshazari. Mama aliumia sana. Wakwe wangeona, ndiyo, ila kilichomtisha zaidi ni baba kujiona amekwisha. Basi kila jioni baba alipomaliza kupaka gundi na kugonga vizibo, akaenda kuoga, mama alichukua koleo. Mimi nilimwonyesha vilivyopinda, naye akavigeuza gundi ikiwa bado mbichi. Baba alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani bafuni, na Agnesi alimpelekea maji ya moto ya nyongeza ili asiwahi kumaliza. Wimbo ukikatika, mama alirudi kwenye ungo wake kupepeta mchele kama mtu asiyejua lolote.

Ikafika siku ya kukata kwa patasi vichwa vya vizibo vilivyochomoza juu ya ubao. Baba alikata kidogo kwa juu kwanza, ajue nyuzi zinaelekea wapi, kwani ukianzia upande mbaya kizibo hunyofoka mpaka chini ya uso wa ubao. Patasi ikapita laini, kizibo baada ya kizibo. Akaupapasa ukingo wote kwa kiganja, kisha akasema bila kuinua uso, "Mama Agnesi, koleo lako linaacha alama za meno kwenye ubao. Siku nyingine lizungushie kitambaa."

"Sawa, Baba Agnesi," mama akajibu, akaendelea kupepeta.

Agnesi akavuka kwa vigelegele, na wakwe wakausifu ukingo. Tangu hapo mama hakusubiri tena baba aende kuoga. Alikaa naye kwenye boti, koleo likiwa na kitambaa chake, wakabishana kuhusu nyuzi mchana kutwa.

Siku hizi boti nyingi ninazoziona ni za plastiki, na zile za mbao skrubu zake zimeachwa wazi zikiliwa na kutu. Wajukuu zangu huandikiana na wapenzi wao asubuhi kwamba wanapendana, jioni wamefungiana namba. Wananiuliza wazee wetu walipendanaje bila simu, na mimi neno hilo la kupendana sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu hata mara moja. Nilichoona ni baba, macho yamezima kabisa, amekaa mbele ya ubao, na mama ameshika kidole chake anakipitisha taratibu pale nyuzi zinapopita.