Tumbo Langu na Msichana wa Ndanai

Tumbo langu lilianza kuvimba mwaka wa nne baada ya sisi kupanda chai. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mkulima mdogo kuwa na chai yake mwenyewe lilikuwa jambo la kuongelewa mpaka kanisani. Tulikuwa na ekari moja na nusu upande wa Sotik, ng'ombe wanne na punda mmoja. Mtoto hatukuwa naye, na nilikuwa nimeolewa miaka kumi na miwili.

Walioliona tumbo kwanza ni wanawake wa kituo cha kupimia majani. Nilipofika na kikapu mgongoni walinisogeza mbele ya foleni, mmoja akanishushia mzigo. "Mungu amekukumbuka," wakasema. Mimi sikukana. Ningekanaje? Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo nami nisogezwe mbele, na kusema kweli nilifurahia sana. Nyumbani mume wangu alianza kunipasulia kuni bila kuombwa.

Miezi tisa ikapita, ikaja ya kumi na ya kumi na moja. Punda wetu, ambaye hubeba mimba mwaka mzima, akazaa, na mimi bado. Hapo wanawake wa kituo wakaniacha nipange foleni kama watu wengine.

Damu ilikuwa imenieleza mapema, ila sikutaka kuisikiliza. Ilikuja wiki mbili katika kila nne, mabonge mazito, nami niko shambani nimejifunga ile aproni ya mpira ambayo wachumaji huvaa kujikinga na umande. Aproni ilinisitiri mbele, na nyuma nilijifunga leso mbili. Mara nyingine nilisimama nikaona shamba zima limekuwa jeupe, nikachuchumaa mpaka rangi ya kijani irudi.

Mama mkwe wangu aliishi hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali kuliko wangu, na wangu si haba. Siku moja alinikuta nimechuchumaa hivyo katikati ya mistari ya chai. Hakuniuliza kitu. Jioni alikuja akaketi, tukaambua maharagwe pamoja, kisha akasema:

"Nimeona msichana kule Ndanai."

"Msichana wa nani?"

"Wako."

Kwa msomaji ambaye hakuzaliwa kwetu, nieleze. Mwanamke wa Kipsigis asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Yeye ndiye anakuwa mume. Watoto watakaozaliwa na msichana huyo ni wa nyumba yake, wanarithi shamba na ng'ombe, na nyumba haizimiki. Si jambo la aibu. Shangazi yangu mmoja aliishi hivyo na aliheshimiwa mpaka siku ya kufa. Kanisa letu lilikataza, lakini mama mkwe alibatizwa akiwa mtu mzima na alikuwa akichagua ya kushika na ya kuacha. Jambo moja tu: mwanamke akishaoa, anahesabiwa mwanamume. Mume wake wa zamani haji tena kulala kwake.

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nilimpenda mume wangu. Nalisema wazi kwa sababu enzi zile hakuna aliyelisema, na sasa nimezeeka, siogopi kuchekwa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, anayeimba vibaya kanisani kwa sauti kubwa. Jioni aliingia akatundika koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nikajua siku imekwisha salama. Mama mkwe aliponiambia habari ya Ndanai sikufikiria watoto wala shamba. Nilifikiria ule msumari bila koti.

Nilipomweleza mume wangu akasema, "Kwanza tujue ndani ya tumbo kuna nini."

Tulienda hospitali ya misheni kwa lori la maziwa, sote watatu, maana mama mkwe hakukubali kubaki. Daktari alikuwa Mzungu mwenye mikono mikubwa kama ya mpasua mbao, lakini alinibonyeza tumbo polepole. "Hapana mtoto," akasema kwa Kiswahili chake. "Na hapana kansa, nafikiri. Ni uvimbe." Akachukua karatasi akachora mfuko wa uzazi, kisha akachora viazi ndani yake, vingine kwenye kuta zake, vingine vikining'inia nje. Akasema wanawake wengi wanavyo na hawajui. Nilishangaa. Miaka yote hiyo nilidhani tumbo langu limelaaniwa peke yake.

"Mimi nitatoa hii na hii na hii," akasema akikata viazi kwa kalamu. "Mfuko nitaacha. Kama damu inakuja mingi sana, mfuko pia nitatoa. Lazima."

Mama mkwe akatafsiriwa maneno hayo, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na bei ya ng'ombe. "Sawa," akaniambia pale pale mbele ya daktari. "Wakiuacha, nitangoja mjaribu tena. Wakiutoa, nitaenda Ndanai, na wewe hutanipinga." Sikumjibu, na kwake kutojibu ni kukubali.

Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi, na aliyetakiwa kutia sahihi ni mume wangu, siyo mimi. Tumbo langu, sahihi yake; hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alishika kalamu akanitazama. "Wakitoa yote?" akauliza.

"Wakitoa yote, nitakuwa hai. Andika."

Akaandika jina lake pole pole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima. Halafu akaenda kutoa damu, maana hospitali haikuwa na akiba. Mama mkwe naye akakunja mkono wa gauni akanyoosha mkono. Nesi akamwambia, "Wewe mama umezeeka, damu yako tutakuachia." Alinuna mpaka jioni. Nadhani lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Upasuaji wenyewe siujui, kama wasivyoujua wote waliofanyiwa. Nakumbuka taa kubwa ya duara, na nesi akiniambia nihesabu, nami nikahesabu kwa Kikipsigis mpaka nne. Kisha kiu. Sijawahi kuona kiu kama ile. Nesi alinilowesha midomo kwa pamba na kunikataza kumeza. Alikuwa Mluhya, mwanamke mnene mwenye huruma isiyo na maneno mengi, akiniita mama kama alivyoita kila mtu wodini.

"Mfuko umebaki?" nikamuuliza.

"Wewe lala tu, mama. Daktari atakuja kukuambia."

Mtu akikujibu hivyo, ameshakujibu. Daktari alikuja asubuhi akaketi kwenye kitanda, jambo ambalo madaktari hawakufanya. Akasema viazi vilikuwa vingi kuliko alivyochora. Akasema alijaribu. Damu ilikataa kusimama, akautoa mfuko wote. "Pole sana," akasema, na niliona kwamba ni pole ya kweli. Hata hivyo nilimchukia kwa siku mbili. Siku ya tatu nilipoweza kuketi bila kizunguzungu, mara ya kwanza kwa miaka, niliacha kumchukia.

Nililia, lakini sikulia sana. Watu hudhani mwanamke hulilia watoto ambao hatawapata. Mimi wale nilikuwa nimewalilia zamani, mmoja mmoja, kila mwezi. Kilichonitoa machozi wodini ni Ndanai. Ndipo nikamwita nesi nikamwomba asimwambie mume wangu wala mama yake. Alinitazama kidogo, akanyoosha shuka yangu.

"Mimi sitaambia mtu mwingine," akasema.

Jumapili mume wangu alikuja na mursik, maziwa yetu ya mgando, katika kibuyu. Aliketi kwenye kiti akanitazama ninavyokunywa, akaniuliza, "Daktari amesema nini?"

"Ametoa uvimbe," nikasema. "Amesema tungoje."

"Sawa," akasema. Akachukua kibuyu akakifunga vizuri.

Hivyo ndivyo nilivyomdanganya mtu ambaye sikuwahi kumdanganya hata juu ya chumvi. Sikujivunia, lakini sikujuta pia.

Nilikatazwa kuinua kitu kizito kwa miezi miwili. Mama mkwe ndiye aliyekama ng'ombe wangu, akanipikia, akanikaripia nilipojaribu kuinua sufuria. Kidonda kilipona, kikaacha mstari kutoka kitovuni kwenda chini, mnene kama kamba ya kikapu. Nikarudi shambani. Nilishangaa mikono yangu ilivyokuwa na kasi. Kumbe nilikuwa nachuma chai kwa nusu ya damu yangu miaka yote ile, na bado nilikuwa sichekwi! Nikapata mashavu. Nikaanza kuimba, hata mimi.

Ila mwanamke mwenye mfuko wa uzazi huenda mwezini, na mama mkwe alizijua siku zangu kuliko mimi. Alivijua hata vitambaa vyangu, vile nilivyochana kutoka shuka kuukuu na kuvianika nyuma ya zizi la ndama, mahali ambapo wanaume hawapiti. Vitambaa vikikosekana pale miezi miwili mfululizo, angejua. Kwa hiyo kila mwezi nilichukua vitambaa vikavu, safi, nikashuka navyo mtoni asubuhi, nikavipaka sabuni, nikavisugua, nikavisuuza, nikaja kuvianika. Vilikuwa na madoa ya zamani yasiyotoka, hivyo sikuhitaji kuongeza kitu. Siku nne kila mwezi. Julai yetu ina baridi ya kukausha vidole, nami nikiwa nimeinama mtoni nafua kisichochafuka, nikijiita mjinga kwa sauti kubwa kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia.

Nilifanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Mama mkwe hakutaja Ndanai. Kila nilipomwona amevaa gauni lake la safari nilidhani ni safari ya huko, kumbe anaenda sokoni tu.

Alasiri moja mvua ilikuwa inakaribia. Aliingia jikoni kwangu na vitambaa vyangu mkononi. Alikuwa amevianua, amevikunja vizuri. Akaviweka kwenye kigoda, akasema bila kunitazama:

"Msichana wangu, acha sasa kumaliza sabuni."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliendelea kuushika.

"Umejua lini?" nikauliza.

"Siku ile ile. Ulikuwa bado umelala kwenye meza ya upasuaji. Yule nesi mnene alitoka akamwambia mume wako damu haisimami, wafanyeje, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika. Akasema watoe, mradi upone. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye."

"Na Ndanai?"

"Alinikataza." Alisema neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Tangu nimzae hajawahi kunikataza kitu. Siku hiyo alinikataza, na akanikataza kukwambia. Yule msichana ameolewa huko Soin, tena na mwanamume. Mimi nilikuwa nangoja uchoke na kufua, lakini wewe huchoki."

Nilihisi uso wangu unawaka. Sijui kama ilikuwa aibu au hasira. Baadaye niliamua ilikuwa hasira, kwa sababu hasira naijua kuishika. Nikaweka mwiko chini, nikatoka, nikapita kati ya mistari ya chai mpaka nilipomwona mume wangu ameinama karibu na mpaka wa shamba, anachuma haraka haraka kuiwahi mvua.

"Ulijua," nikamwambia.

Mikono yake haikusimama. "Nilijua."

"Ukaja Jumapili ukakaa kwenye kiti cha hospitali ukaniuliza daktari amesema nini!"

"Nilitaka kusikia utaniambia nini."

"Na niliposema uongo ukanyamaza. Mwaka mzima umeniona nashuka mtoni, nakuja na mikono imekufa ganzi, ukanyamaza."

Hapo akasimama wima, majani yamejaa viganja vyote viwili. Alikuwa mtu asiyependa kueleza mambo, na niliona jinsi alivyokuwa anayatafuta maneno.

"Ungejua kwamba najua," akasema, "ungesema mimi nataka watoto na wewe unanizuia. Ungefunga safari wewe mwenyewe kwenda Ndanai kuwapelekea ng'ombe. Nakufahamu. Na ukishaoa," akatupa majani kikapuni, "mimi ningelala wapi?"