Mlango wa Kaa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji kule Baraka, kando ya ziwa, sikuthubutu kuziba tundu la kaa. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alitukataza kabisa: anayeziba mlango wa kaa, akisafiri harudi kwao. Mama, mtu wa kanisa, alikuwa akicheka tu. Mimi niliamini, na matundu yale niliyajua kuliko njia ya shule. Kaa wetu wa ziwani si mjinga, hachimbi kwenye mchanga mkavu unaoporomoka. Huenda kwenye mdomo wa kijito, penye mchanga ulioshikana na udongo, akaingia kwa mshazari, kisha akakata kona. Huko pembeni ndiko kwenye chumba chake.

Vita vilipokaribia kutoka upande wa Makobola, watu walianza kuvuka ziwa. Mama alikuwa mjane, na cherehani yake ndiyo iliyotulisha. Mtumbwini hapakuwa na nafasi ya kuibeba. Kuifukia uani ilikuwa kazi bure, maana waporaji walipita na vyuma vyao wakichomachoma ardhi kila penye udongo mbichi.

“Tuifiche kwa kaa,” Koko akasema. “Kule kaa banachimba, kila asubui muchanga iko mubichi. Nani atashangaa?”

Basi tukaipaka mawese, tukaifunga kwa turubai, tukachimba kama kaa: mshazari, kisha kona kuelekea mlimani, mbali na maji. Lakini tundu la kaa mmoja likatokeza ndani ya chumba chetu. Maji yangeingilia hapo. Mama akainama alizibe, Koko akamshika mkono.

“We uko na batoto. Acha, mi nitaziba.”

Akaliziba kwa viganja vyake, taratibu, akimwomba kaa radhi kwa Kibembe. Tukafukia shimo letu, na pale mlangoni tukaweka jiwe jeupe.

Koko alifia ng’ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi, kwa kuhara. Tuliporudi, uwanja wetu ulikuwa umetobolewa kama chujio. Mama akakimbilia kwenye jiwe, akachimba chini yake mpaka akafikia maji. Hakuna kitu. Akaketi mchangani akalia kwa sauti.

“Baliiba, mutoto wangu. Tutakula nini?”

“Mama, umesahau? Pale ni kwa mulango,” nikamwambia. “Chumba iko kule.”

Nikachimba upande wa mlima mpaka vidole vyangu vikagusa turubai. Kwa cherehani ile mama alitusomesha sote, na leo mimi ndiye ninayeitumia.

Sasa mimi ni mtu mzima, na nasema bila wasiwasi kwamba kaa hakumuua Koko. Maji machafu ya kambini ndiyo yaliyomuua. Tena kilichotuokoa ni mchanga mbichi na ile kona, si uganga. Ila siwezi kusahau kwamba mama, asiyeamini, angeliziba tundu lile bila kufikiri mara mbili. Koko aliamini kwa moyo wake wote kuwa akiliziba hatarudi nyumbani, na bado akaliziba yeye.