Suti ya Kitani ya Afisa Oloo

Fundi Ilyas alikuwa mtu wa kuudhi, na mimi Nduku, niliyemshonea matundu ya vifungo kwa miaka kumi na tisa, nina haki ya kusema hivyo. Ukimletea kitambaa cha suti, hakutazama rangi. Alikifinya kwenye ngumi, akahesabu hadi kumi, kisha akafungua mkono aone kimejikunja vipi. Alikipeleka dirishani aone mwanga unavyopenya. Mwisho alikiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita, hicho ni cha nchi ya joto. Ikimrudia usoni, alikurushia: "Hii peleka Mweiga kwenye baridi, wavae wakikamua ng'ombe."

Utauliza nani anataka suti nyepesi hapa Nyeri, ambapo Julai ukungu unaingia hadi ndani ya sufuria. Wateja walikuwa wa aina mbili. Kwanza ni wafanyakazi wa serikali waliopewa uhamisho kwenda Mombasa, Garissa, Lodwar. Hao aliwachagulia kitani, pamba au sufu nyembamba, akaacha mgongo bila bitana hewa ipite, na hakumkabidhi mtu suti kabla ya kumsimamisha mara mbili mbele ya kioo. Wa pili walikuwa marehemu. Watu wa Tetu na Kiriaini huzika mtu wao akiwa amevaa suti, na maiti hana haja ya kitambaa kizito.

Suti ya marehemu ilikuwa na kanuni zake dukani, na Ilyas alizirithi kwa babake. Hupimwa kwa koti kuukuu, kwa sababu mwenyewe hawezi kuja. Mshono wa mgongo hushikizwa kwa nyuzi chache, ili wanaomvisha waufumue upesi. Mfuko wa ndani hutiwa kipande cha kitambaa chenye jina lake, kisha hushonwa mdomo. Babake alisema mfuko ukishafungwa na jina ndani, suti hiyo lazima impate mwenye jina. Ilyas mwenyewe alikuwa Mwislamu, na sanda haipiti chini ya cherehani. "Mimi nashonea majirani," alipenda kusema. "Mimi nitaenda na shuka."

Kwa hiyo koti kuukuu la mtu aliye hai halikukubaliwa dukani mwetu. Lilikuwa limekubaliwa mara moja tu, la Mwalimu Wambugu, na mikono ya Ilyas ikafuata mazoea, ikafunga mfuko. Mwezi haukuisha kabla hatujaenda kumzika Wambugu na suti hiyohiyo. Nilikuwepo, na hadi leo sipendi kulizungumzia.

Julai iliyopita nilikuwa nyumbani Machakos kwenye matanga. Niliporudi nilikuta koti la kitani rangi ya mchanga likisubiri vifungo. Nikalichukua, nikaingiza mkono ndani. Mfuko ulikuwa umefungwa, na ndani kulikuwa na kitu kidogo, laini.

"Fundi, hii koti ni ya marehemu gani?"

"Marehemu gani tena? Ni ya Oloo, yule polisi. Amepata transfa ya Lodwar. Bibi yake Risper alikuja na koti yake ya zamani, akalia hapa. Ati bwana yake yuko kazini mchana na usiku, hawezi kuja kupimwa. Na ako na mimba ya miezi saba, Nduku. Ningemfukuza?"

Nikamwonyesha mfuko. Akapapasa mgongo, akakuta mshono wa nyuzi chache. Uso wake ulibadilika nikaogopa.

"Wallahi sikumbuki kufunga hii," alisema.

"Basi fumua! Unangoja nini?"

"Ya Wambugu nilifumua, hukujua? Nilifumua kabla sijampa."

Mvua ilikuwa inanyesha mchana ule, na barabarani watu walipita na makoti mazito. Halafu akanituma nikamletee chai. Nilimgombeza, kwa sababu alikuwa amekunywa vikombe viwili tayari na mimi ndiye wa kulowa. Nikaenda hata hivyo.

Niliporudi, alikuwa amelivaa. Sasa sikiliza: Oloo ni mrefu kumpita Ilyas kwa kichwa kizima, na mabega yake ni mapana kama mlango. Lakini mikono ya koti ilifika kwenye vifundo vya mikono ya Ilyas barabara, na mabega yakamkaa bila mkunjo.

"Wacha initafute mimi," alisema akicheka. "Nazikwa na shuka. Itangoja mpaka ichoke."

Oloo alishonewa suti nyingine. Safari hii aliitwa mwenyewe, akasimama mbele ya kioo mara mbili akilalamika kwamba anachelewa, kisha akaenda zake Lodwar.

Ilyas hakulivua lile koti. Julai yote iliyobaki alikaa dukani na kitani kisichokuwa na bitana, huku pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Vaa sweta, wewe mzee!" nilimfokea kila asubuhi.

"Nasikia joto, Nduku."

Na kweli, paji lake la uso lilikuwa na jasho. Siku moja nilimgusa begani kwa hila, nikijifanya natoa uzi. Kitambaa kilikuwa cha moto, kana kwamba kimetoka kupigwa pasi sasa hivi. Pasi ilikuwa rafuni, na makaa hayakuwa yamewashwa tangu jana yake. Tangu siku hiyo sikumgusa tena.

Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Daktari alisema ni kichomi, na mimi sibishani na daktari. Tulimzika siku ileile aliyokufa, baada ya swala ya adhuhuri, na shuka yake nyeupe. Koti lilibaki kwenye msumari dukani. Nililia sana, na nilimkasirikia sana pia.

Oktoba Risper alikuja kuaga, mtoto mgongoni, akimfuata mumewe. Oloo ni mzima, alisema, amenenepa hata. Nikambusu mtoto, nikasema safari njema.

Alipoondoka nikakumbuka mfuko. Jina la Oloo lilikuwa bado limefungiwa mle, na Ilyas hakuwepo tena wa kulidanganya koti. Nikachukua wembe, nikafumua, nikatoa kipande kile nikichome.

Hakikuwa na jina la Oloo. Kiliandikwa Ilyas bin Fuad, kwa mwandiko wake wa kuinama, na chini yake tarehe ya siku ile ya mvua, aliponituma chai.