Ukungu Mliouona Nyote

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa niisahau, na wewe Raya, mtoto wa kaka yangu, ndiye uliyenirudisha huko juzi ulipokuja kula kwangu Mpendae. Ulikuwa unaisifu kamera mpya ya chumba cha upasuaji: daktari hainamii tena hadubini, jicho la mgonjwa linaonekana kwenye skrini ukutani, kubwa kama sinia la pilau, na kila aliyemo analiona. Kisha ukasema, tena unacheka, "Jana picha ilikuwa na ukungu, shangazi. Nimeuona, lakini daktari mtu mzima yule, ntamwambiaje mbele za watu? Nimemwonea haya."

Chakula kilinishinda. Uliponiuliza nina nini nikasema sina kitu. Nilikudanganya, mwanangu. Nilikasirika, na hata sasa ninapokuandikia hasira haijanitoka.

Nilikuwa na umri wako, muuguzi mpya wa upasuaji wa macho kama wewe, na ilikuwa wiki ya harusi ya dada yangu. Asubuhi ile nilichelewa, mikono ina hina na mafuta, kanga imefukizwa udi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta lenzi ya hadubini. Kitambaa chake maalumu alikuwa nacho Bi Mwanaidi, mkuu wetu, na kwenda kukiomba ni kujitangaza kuwa nimechelewa. Basi kabla sijabadilisha nguo nikaifuta lenzi kwa ncha ya kanga. Kanga! Hata kuliandika neno lenyewe naona aibu.

Mgonjwa alikuwa Bi Zuwena wa Michenzani, mshona kofia. Unazijua kofia zetu za mkono, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimlisha, naye alikuja kutolewa mtoto wa jicho.

Katikati ya kazi daktari akasema, "Mbona jicho lina ukungu?" Akalisafisha kwa maji, akarudia tena. Lenzi hakuifikiria, na aliyekuwa akichungulia ni yeye peke yake. Mimi nilijua. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake, nikajiambia kijana kama mimi hamkosoi mkubwa. Heshima gani ile? Ulikuwa woga mtupu, nimeuvisha kanzu. Nikanyamaza mpaka utando mwembamba wa ndani ya jicho ukachanika.

Baadaye Bi Mwanaidi aliitazama lenzi kwenye taa, akainusa, kisha akaiangalia mikono yangu.

"We Salma!"

"Naam, Bi."

"Harufu hii ya udi imetoka wapi?"

Nikamweleza.

"Kufutia kanga nnaweza kukusamehe," akasema. "Lakini ulisimama pale, unajua, ukanyamaza. Hilo kamwombe radhi mwenye jicho."

Sikumwomba. Bi Zuwena alibaki anaona watu na milango, tundu la sindano halioni. Kofia hakushona tena, akawa anakunja pindo za mashuka kwa kupapasa. Kila Ijumaa nilikwenda kwake kumtungia uzi sindano za wiki nzima, na kila nikiinuka alinishika kichwa: "Mungu akupe kheri, mwanangu. We mtu mwema." Alikufa hajui.

Sasa umeelewa kwa nini chakula kilinishinda? Zamani ukungu aliuona mtu mmoja, akadanganyika. Nyinyi mmeuona nyote, ukutani, na nyote mkamwonea haya daktari. Nani kati yenu aliyemwonea haya mgonjwa?

Kesho, kabla ya kazi yoyote, mwendee daktari wako umwambie ulichokiona, na mgonjwa yule aitwe aangaliwe tena. Shikamoo yake mpe mlangoni. Mkishaingia ndani, heshima yake ni kumwambia kweli. Ukiona ukungu, sema asimame, hata kama utafokewa, hata kama utakuwa umekosea. Na ikiwa ni wewe uliyeuleta, sema upesi zaidi.

Mungu akupe ulimi usiokwama na mikono isiyomdhuru mtu. Dua za Bi Zuwena mimi nilizipokea kwa wizi, Raya. Hii yangu usiitikie amini mpaka uwe umeshasema.