Mtaalamu wa Ukoo

Ujinga huu niuseme mwenyewe, kabla ndugu zangu hawajausambaza. Mimi, mwalimu wa Mugumu niliyekulia Mwanza, nilianzisha grupu la mtandaoni la kutafuta mizizi ya ukoo wetu wa Gorong'a. Nikajiona profesa.

Juzi dada mmoja, Ghati, akaandika kwamba kwetu kuna nyumba iliyoanzishwa na mwanamke, Nyangi, aliyeoa mke. Nikamdhihaki mbele ya wote: “Mwanamke anaoaje? Hapa tunafanya utafiti, umbea peleka sokoni.” Nikalifuta jina la Nyangi kwenye orodha yetu ya ukoo.

Kesho yake shangazi yangu akatuma ujumbe wa sauti. Nilidhani ananisifu, nikaufungua kwa sauti ya juu ofisini, walimu wenzangu wasikie.

“Mwalimu, umesoma mpaka umepotea! Nyangi hakuzaa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamwoa mama yetu, amzalie watoto wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu hiyo. Tukazaliwa mimi na baba yako. Sasa wewe umemfuta nani?”

Nikaharakisha kuzima simu. Mwalimu mkuu akaniomba niurudie, eti mwanzo hakusikia vizuri.